Wakuu, data za gemu zikifutika kwenye mashine ya mkononi zinarudi? Msaada wa haraka

Fundi Chikongola – Jumatano, saa 1:40 usiku

Habari za jioni wakuu. Niko Mtwara mjini, nina kibanda cha kutengeneza na kuchaji simu. Naombeni msaada wa kitaalamu, ikiwezekana kabla ya Jumamosi asubuhi.

Kuna mashine ya gemu, Nintendo 3DS, ile inayojikunja yenye skrini mbili. Ndani yake kuna gemu linaitwa Pokémon Shuffle. Kwa wasiolijua: una uwanja wa vichwa vya midude, sita kwa sita. Unakihamisha kichwa chochote kukipeleka popote, mradi vitatu vinavyofanana vikae mstari mmoja. Vikipasuka, dude kubwa lililo skrini ya juu linaumia. Likiisha nguvu unalirushia mpira ulikamate. Ni hivyo tu, lakini ukianza huachi.

Sasa data zimefutika. Gemu lipo ila limeanza upya kabisa. Palikuwa pamefikiwa hatua ya 287. Umeme huku ulikuwa unakatika katika, nadhani ndiyo sababu. Kuna njia ya kuzirudisha? Kama hakuna, kuna njia ya kufika 287 haraka? Nasikia kuna vito vinauzwa.

Kidole Gumba – saa 1:52

Msimu wa korosho umepamba moto, watu wako mnadani, wewe unalilia vichwa vya midude. Ni pombe ya uraka hiyo, mkuu. Kunywa maji ulale.

Mzee wa Nanguruwe – saa 1:58

Vijana wa siku hizi mna mikosi ya kujitakia. Sisi jioni tulikuwa tunacheza bao, kete ikipotea unaokota kokoto. Kafute na huko kulikobaki, ukatafute shamba. Pale Naliendele kuna watafiti wa korosho wamejaa tele, nenda kaulize habari za miche badala ya kuuliza habari za vito.

Fundi Chikongola – saa 2:13

Shikamoo mzee. Shamba ninalo. Naomba turudi kwenye swali.

Tumbo la Ming'oko – saa 2:20

Pole sana, nakuelewa kuliko hao wote. Mimi nilikuwa na Nokia 3310, lile gemu la nyoka. Nilimfikisha nyoka mahali skrini nzima imejaa, nikawa naonyesha watu stendi ya Masasi kama mganga anaonyesha chatu. Siku hiyo mdogo wangu yuko nyuma ya nyumba anakamua mabibo, akaiazima atumie mwanga wake. Ikatumbukia kwenye ndoo. Tuliitoa ikiwa bado inawaka, nyoka anaogelea. Tukaianika juani siku tatu. Iliwaka, lakini ilinuka mabibo mpaka nilipoiuza, na aliyeinunua alikuwa mlevi, alifurahi. Rekodi ndiyo ilikwenda. Mdogo wangu sasa ana watoto wanne na bado sijamsamehe.

Kuhusu swali lako sijui.

Namba Tisa – saa 2:31

Nimekuwa na mashine hiyo, nijibu mimi.

Kwanza, 3DS ina betri yake. Umeme wa nyumbani ukikatika haina habari, sawa na simu. Data za gemu hilo zinakaa kwenye mashine yenyewe na kadi yake, haziko kwenye seva kusema utazivuta tena. Zikifutika zimefutika. Na si rahisi zifutike kwa bahati mbaya: unaingia kwenye mipangilio, unachagua gemu, unabonyeza futa, linakuuliza kama una uhakika, unabonyeza tena.

Pili, vito. Gemu lilitoka Februari 2015, la bure, ila ujanja wake ni huu. Una mioyo mitano. Kila jaribio linakula mmoja, na moyo mmoja unarudi baada ya dakika 30. Huna subira? Kito kimoja kinakupa mioyo mitano, na kito kinanunuliwa kwa hela. Yaani walikuwa wanauza dakika. Lakini duka la mtandaoni la 3DS lilifungwa Machi 27, 2023. Kuweka hela kulishasimama tangu Agosti 2022. Leo hata uwe na hela kama chama kikuu cha ushirika hununui kito. Vinabaki vichache unavyozawadiwa humo ndani ukishinda hatua fulani fulani.

Sasa nikuulize: wewe gemu hili ulilishusha lini?

Fundi Chikongola – saa 2:45

Asante kwa maelezo mkuu. Nililikuta tayari limo.

Lakini kuhusu vito, kuna jamaa yuko Kariakoo ananiambia anazo kadi za vito, shilingi 50,000, nikimtumia namba ya mashine anapakia. Nimeshatuma nusu. Ana picha ya duka na wateja. Kwa hiyo nadhani hilo la kufungwa ni huko kwao, huku kwetu kuna njia.

Namba Tisa – saa 2:50

Hakuna huku kwetu wala huko kwao. Duka ni moja na limefungwa. Hiyo 25,000 hesabu umetoa sadaka, na hiyo nusu ya pili usitume.

Binti Mikindani – saa 2:58

Samahani, mimi nimebaki kwenye posti ya kwanza. "Palikuwa pamefikiwa hatua ya 287." Mtu akiongelea jasho lake anasema nilifika. Nani alifika, kaka?

Kidole Gumba – saa 3:01

Dada kashika penyewe.

Fundi Chikongola – saa 3:17

Ni namna tu ya kuandika.

Binti Mikindani – saa 3:19

Na Jumamosi kuna nini?

Fundi Chikongola – saa 3:48

Sawa. Naomba msinishambulie, nimekuja kuomba ushauri.

Mashine si yangu. Ni bondi. Kuna mama mmoja wa upande wa Tandahimba, mwezi wa tisa alikwama, akanijia na hiyo mashine nikampa 80,000, makubaliano anirudishie 100,000 akilipwa korosho zake. Mashine ni ya mwanawe wa darasa la sita, kaletewa na mjomba wake aliyeko Muscat. Mama kaniambia mtoto amelia siku mbili ila kakubali kwa sharti moja, mashine iwe inachajiwa ili isife.

Nikawa naichaji. Siku hakuna wateja nikafungua nione. Nikacheza. Nikawa naona mtoto keshakamata midude yote mizuri, mimi nikiingia ni kama nimeingia nyumba ya mtu nala chakula kilichopikwa. Nikataka nianze mwenyewe kuanzia hatua ya kwanza. Nilifuta, nikidhani ya mtoto itabaki pembeni. Haikubaki.

Malipo yameshaingia benki. Mama anakuja Jumamosi asubuhi na mtoto.

Nilichopanga ni kumwambia betri ilileta shida ikajifuta yenyewe. Na sioni kama ni uongo mkubwa, betri kweli ni kuukuu. Hapohapo najitahidi kupandisha hatua nifike angalau karibu. Ndiyo maana nauliza vito.

Mzee wa Nanguruwe – saa 3:55

80 irudi 100. Riba hiyo. Kijana, umekuwa kangomba, mlanguzi wa korosho.

Fundi Chikongola – saa 4:19

Siyo riba mzee, ni ya kutunza na kuchaji.

Kidole Gumba – saa 4:22

Kangomba wa magemu! Ile ya korosho wanakupimia kwa kibaba kabla ya msimu, huyu anapima kwa machozi ya mtoto.

Tumbo la Ming'oko – saa 4:25

Mkisema kangomba mnanikumbusha 2018, mwaka ule serikali ilipotangaza 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaja kubeba korosho. Kaka yangu alikuwa na tani moja na nusu. Tukasubiri malipo, tukasubiri. Tuliuza redio, tukauza kitanda kile cha samadari cha bibi, na aliyekinunua alikitumia kukaushia dagaa. Bondi siyo kitu cha kuchekea huku kwetu, watu wameweka bondi mpaka milango. Nilishaona mlango umeegemezwa kwenye duka la watu na karatasi ya jina.

Shahidi wa Jicho – saa 4:31

Nimesoma tangu juu. CHAI. Tena imekolea.

Mama mkulima wa Tandahimba, mwanawe ana mashine ya Kijapani, ana mjomba Muscat, kafika hatua ya 287, fundi kaifuta kwa bahati mbaya, na mtoto kalia siku mbili na kuweka sharti. Sharti la kuchaji! Huyu ni mtunzi anajaribu hadithi humu. Angalia na muda wa majibu yake: 1:40, 2:13, 2:45, 3:17, 3:48, 4:19. Kila baada ya nusu saa na kidogo. Anaandika sura, anapumzika, anaandika nyingine.

Newala Juu – saa 4:38

Wewe Shahidi, Tandahimba unaijua au uliipita umelala kwenye basi? Kwa hiyo sisi wa kule tunaruhusiwa kuwa na majembe tu? Msimu ukiwa mzuri watu wananunua pikipiki mbili, moja ya kupanda na moja ya kuangalia. Nusu ya pwani hii ina ndugu Oman. Mtoto kuwa na 3DS kunakushangaza nini?

Shahidi wa Jicho – saa 4:41

Sijasema hawawezi. Nimesema hadithi imenyooka mno. Weka picha.

Namba Tisa – saa 4:44

Shahidi, hiyo nusu saa siyo sura. Ni mioyo! Anacheza, moyo ukiisha anakuja humu kutujibu, dakika 30 zikifika anarudi kucheza.

Fundi, ni kweli?

Fundi Chikongola – saa 4:52

Ni kweli. Niko hatua ya 61.

[picha]

Kidole Gumba – saa 4:54

😂😂😂 Sisi ndio chumba chake cha kusubiria daktari.

Namba Tisa – saa 5:03

Basi nikupigie hesabu uache kujitesa. Kuanzia sasa mpaka Jumamosi asubuhi ni kama saa 57. Mioyo miwili kwa saa, ni 114. Hapo hulali, huogi, huhudumii mteja. Umebakiza hatua 226. Hata ushinde kila jaribio utaishia kama nusu ya njia tu, na huwezi kushinda kila jaribio. Huko mbele hatua zinakupa mizunguko michache, ukiimaliza umeshindwa na moyo umekwenda. Ukishinda, nafasi ya kulikamata dude inategemea mizunguko uliyobakiza, na ule mpira mkubwa wa kuongeza nafasi ni sarafu 2,500 za humo ndani ya gemu. Dude likichomoka, unarudia kwa moyo mwingine. Huyo mtoto alikuwa anakusanya kwa miaka, moyo kwa moyo, pengine anaamka alfajiri mitano imejaa, anacheza kabla ya shule.

Hata lile duka lingekuwa wazi, ungenunua mioyo, usingenunua midude aliyoikamata.

Fundi Chikongola – saa 5:24

Nikifika 120 si anaweza kuona nimejitahidi?

Binti Mikindani – saa 5:27

Kaka, toa hiyo picha sasa hivi. Kwenye kifuniko kuna stika, jina la mtoto na shule yake vinasomeka.

Ukishatoa, mpigie mama kesho asubuhi. Usisubiri Jumamosi mtoto afungue mbele yako. Mwambie nilifuta mimi. Na hiyo 20,000 ya juu isamehe.

Shahidi wa Jicho – saa 5:30

Stika nimeiona. Hata stika inaweza kubandikwa. Lakini sawa, nimepunguza sukari.

Mzee wa Nanguruwe – saa 5:33

Amsamehe 20,000 na arudishe na ile 80,000. Mashine alikuwa anaitumia. Ukiwekewa ng'ombe bondi ukamkamua, maziwa yanahesabiwa.

Newala Juu – saa 5:36

Mzee hapo umeongea.

Fundi Chikongola – saa 5:56

Picha nimetoa, samahani.

80,000 siwezi mzee, na 25,000 iko Kariakoo. Ya 20,000 nitaifikiria. Kupiga simu nako naogopa, simu ya mama huwa anaipokea mtoto. Hata juzi kapokea yeye, akaniuliza, "Shikamoo mjomba, umeichaji?" Nikamwambia nimeichaji.

Binti Mikindani – saa 5:58

Basi akipokea yeye, mwambie yeye.

Tumbo la Ming'oko – saa 6:04 usiku

Mimi ningekuwa huyo mtoto nisingekusamehe. Nasema tu ukweli.

Kidole Gumba – saa 6:15

Fundi? Umelala?

Fundi Chikongola – saa 6:27

Sijalala. Nimefika 62, dude lake limechomoka mara mbili. Nitapiga asubuhi, mtoto akiwa ameshakwenda shule. Au saa nne.

Moyo umejaa. Narudi.