Kundi la Ukoo wa Mwembetanga: Jumamosi ya khitma

JUMATATU USIKU

Shangazi Mwanaisha: Assalamu alaykum ukoo. Khitma ya marehemu baba ni Jumamosi hii baada ya Alasiri, hapa kwangu. Mchele ushanunuliwa, mbuzi kaka Khamis keshamlipia. Wanawake tukutane saa mbili asubuhi. Zuhura masinia na mabusati. Wifi nyama na bizari. Salma thomu, tangawizi na vitunguu maji, yeye mkono wake mwepesi.

Ami Khamis: Waalaykum salaam. Walimu wa chuoni nishawaalika, na watoto wao watakuja.

Zuhura: Inshaallah Shangazi. Mabusati ntayafuata msikitini Ijumaa.

Salma: Waalaykum salaam. Shikamoo Shangazi, shikamoo Ami. Shangazi, naomba ruhusa ya asubuhi. Ntafika mara baada ya Adhuhuri na ntakaa mpaka vyombo vya mwisho vioshwe. Saa nne mpaka saa sita nna simu ya Muscat.

Shangazi Mwanaisha: Marahaba. Simu?

Shangazi Mwanaisha: Mwanangu, simu utapiga siku yoyote. Khitma ya babu yako ni mara moja kwa mwaka.

Mama Salma: Wifi, simu hiyo na mie nimo. Nilitaka kukupigia nikueleze, lakini maadamu limeshafika hapa, mwache mtoto aseme mwenyewe.

Salma: Ahsante Mama. Naeleza hapa ili ukoo wote usikie, maana kila ninayekutana naye ananiuliza.

Mchumba wangu ni msimamizi wa ujenzi Duqm, huko Oman, kazini Jumapili mpaka Alkhamisi. Wenzetu wanapumzika Ijumaa na Jumamosi, sisi Jumamosi na Jumapili. Ijumaa asubuhi mie niko skuli, na yeye ndo kwanza kafika kwao Seeb, karibu na Muscat, baada ya kuendesha gari zaidi ya kilomita 500, kisha sala, kisha wazee wake. Jumapili mie niko nyumbani, yeye keshaanza kazi. Siku tunayokutana ni Jumamosi peke yake, na si Jumamosi nzima, kwa sababu mchana anatia gari njiani kurudi Duqm.

Miezi ya joto la kule tulikuwa na nafuu. Kuanzia Juni mpaka Agosti sheria ya kule inakataza watu kufanya kazi juani saa sita u nusu mpaka saa tisa u nusu mchana. Saa sita u nusu yao ni saa tano u nusu yetu, na mie wakati ule nna kipindi kitupu, basi nasimama chini ya mwembe wa skuli tunazungumza. Septemba imeingia, hayo yamekwisha. Siku za kazi zilizobaki tunatumiana sauti usiku tu.

Ami Khamis: Mie nilidhani mnazungumza kila siku. Kila nikipita kwenu nakuona simu sikioni.

Salma: Ni hizo sauti, Ami. Nazisikiliza nikimaliza kusahihisha madaftari. Anasema kala nini, nani kaumia kazini, upepo ulivyovuma. Mie namjibu ya kwangu. Lakini jambo la kuamua huwezi kuliamua kwa sauti, unauliza leo unajibiwa kesho, na ukikosea kuelewa unalala nalo.

Ami Khamis: Sawa. Lakini mazungumzo marefu na ndoa bado, mnayaangalia vipi?

Mama Salma: Shemeji, wanazungumza sebuleni kwangu. Simu tunaiegemeza kwenye jagi la maji mezani, mie niko upande huu na mama yake upande ule. Ndo maana saa haiwezi kuhamishwa ovyo, tunakutana watu wanne.

Mama Salma: Na si maneno matupu. Jumamosi iliyopita alituzungusha na simu nyumba anayotaka kukodi. Kufika jikoni Salma akamwambia simama hapo hapo, elekeza kwenye bomba. Akauliza maji yanatoka wapi. Mama yake akasema tangi liko juu ya paa, na kiangazi bomba la baridi linatoa maji ya moto hata mkono huweki, kwa hiyo watu hujaza ndoo usiku wakayaacha yapoe. Miezi yote ya posa sikuwa nimelisikia hilo. Sasa najua mwanangu atakwenda kuishi vipi.

Zuhura: Subhanallah. Maji ya bomba kabisa?

Da Rukia (Muscat): Kabisa. Hamjambo nyote, ndo naingia kutoka kazini. Shikamooni wakubwa zangu.

Da Rukia (Muscat): Shangazi nisamehe niingie hapa, nakuheshimu sana. Nilipoposwa mie, huku walikuwa wanapumzika Alkhamisi na Ijumaa. Na mie nilikuwa Unguja, benki, natoka Jumamosi mchana. Hatukuwa na siku hata moja. Alikuwa akinipigia mbio mbio, salamu, mama hajambo, nimetuma pesa, kwaheri. Mshahara wake nilikuwa naujua, lakini sikujua kwamba akikasirika hunyamaza siku mbili. Mei 2013 wakabadilisha ikawa Ijumaa na Jumamosi, na tokea hapo ndo nikaanza kumjua yule mtu. Mpaka leo nashukuru kuwa nilimjua kabla sijapanda ndege.

Ami Khamis: Basi mie nna shauri. Kwa nini tusiwaoze kwa wakala, tukamaliza? Bwana harusi anamweka mtu hapa, khutba inasomwa, wakazungumza wapendavyo.

Da Rukia (Muscat): Ami, wakala ni halali, na mie niliozwa hivyo hivyo. Lakini ndoa ikishafungwa karatasi ndo zinaanza. Cheti kitafsiriwe Kiarabu, kipigwe mihuri ya Mambo ya Nje na ya ubalozi mdogo wa Oman hapo hapo Unguja, kisha mume aende polisi wa huku kuomba viza. Wao wana nafuu moja kubwa. Zamani Muomani akitaka kuoa nje ilikuwa lazima kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na sisi tulikisubiri mpaka tukakonda. Sultan Haitham alikiondoa kwa amri ya 2023.

Salma: Ami, kwa hisani yako, mwenyewe anataka kuja. Likizo yake ni Mfungo Mosi. Anataka akukabidhi mkono mwenyewe msikitini, na mie nataka hivyo. Nampenda na naweza kusubiri. Ila kusubiri bila kuzungumza sikuwezi.

Ami Khamis: Kama anakuja mwenyewe, hilo limenifurahisha. Nimeondoa shauri langu.

Shangazi Mwanaisha: Nyote mmesema, sasa nisikilizeni na mie. Jumamosi majirani watajaa hapa. La kwanza wataniuliza Salma yuko wapi. Nikisema yuko kwenye simu, watasema keshajiona wa Muscat, pilau ya babu yake haimuhusu. Tangu barua ya posa ilipokuja mtaani hapa kuna mdomo. Mara atamwacha, mara ana mke kule. Sitaki wapate la kusema.

Salma: Shangazi, yananifika yote. Kuna aliyeniuliza dukani mbele za watu kama nina hakika hana mke. Nilimwambia nimemuuliza mwenyewe, na Da Rukia amekwenda mpaka kwao kutuulizia. Watu wa mtaa nitawajibu mpaka siku nitakayoondoka, siogopi.

Babu ndiye aliyenikalisha ukumbini akanifundisha alifu be te. Khitma yake siwezi kuikosa. Lakini tokea posa, Jumamosi zangu zimekuwa za kila mtu. Kuna harusi, Salma aje apambe. Kuna arobaini, Salma aje apike. Kuna mgeni bandarini, Salma hana kazi leo. Nimekwenda kote kwa moyo mmoja. Yeye kule anakaa na simu mkononi, mama yake kavaa kanga nzuri anangoja, na mie namwandikia samahani, leo tena haiwezekani. Hajawahi kunilaumu. Jumamosi hii mwenye nyumba anataka jibu la kodi, na lazima tuzungumze kama ntaweza kusomesha kule au la. Nikikosa, nyumba inakwenda kwa mwengine, na mie mtanikabidhi kwa mtu ambaye mambo ya maisha yangu sijapata nafasi ya kumuuliza.

Da Rukia (Muscat): 🤲

Zuhura: Niko kwa Bibi. Nimemsomea yote. Anasema nimwandikie, hataki kutuma sauti, kifua kinamkereketa.

Zuhura: Bibi anasema: "Dada yangu mkubwa aliposwa na mtu wa Sur, Oman. Alikuja na kaskazi, akaondoka na kusi. Barua haikuja mpaka jahazi lije, na jahazi jengine lilikuja bila barua. Alipopelekwa kule alikuwa hamjui mumewe kwa lolote zaidi ya sura. Alilia mwaka mzima, na hapakuwa na wa kumuuliza. Salma azungumze na mchumba wake. Anayemsomea khitma mume wangu ni mimi, na mimi nimemruhusu. Thomu nileteeni hapa Ijumaa baada ya sala, nitamenya mwenyewe na Salma."

Shangazi Mwanaisha: Mama akishasema hapana la kuongeza.

Shangazi Mwanaisha: Salma mwanangu, hilo la siku za mapumziko kupishana nilikuwa silijui. Mie najua mtu wa Muscat yuko Muscat tu, simu ipo. Ungeniambia mapema nisingekuwa nakuweka kila Jumamosi. Basi njoo baada ya Adhuhuri. Anayeuliza nitamwambia anazungumza na mama mkwe wake, anyamaze.

Salma: Ahsante sana Shangazi. Mungu akuweke.

Shangazi Mwanaisha: Tena mwambie huyo mama mkwe wako atume majina ya marehemu wake. Tutawatia kwenye dua pamoja na baba. Ukoo ndo unaungana hivyo.

Mama Salma: Wifi, umenipa furaha. Wazazi wake wote wawili wamezikwa hapa hapa Unguja, aliondoka akiwa mdogo. Atalia akisikia.

Salma: Namwandikia sasa hivi, nisingoje Jumamosi.

Ami Khamis: Mie ntayapokea majina nimpe mwalimu. Yaandikwe vizuri na ya baba zao.

Zuhura: Shangazi, thomu kilo ngapi? Niipitie Darajani kesho kabla haijapanda.

Shangazi Mwanaisha: Kilo mbili, na tangawizi kilo moja. Chagua chembe kubwa. Na kila mtu aje na kisu chake, vyangu vyote vibutu.