Kucheza sahani za shelaki kwenye mashine ya santuri ya kisasa

MtunzaSauti
Ndugu wapenzi wa santuri, salaam. Nina sahani kadhaa za shelaki (utomvu mgumu uliotumika kabla ya plastiki) za inchi 10, zile za mizunguko 78 kwa dakika, lakini mashine yangu ya kisasa ina kasi mbili tu, 33⅓ na 45. Je, nikizirekodi kwa kasi ya 45 kisha nikaiongeza kasi kwenye kompyuta, nitapata sauti inayofaa, au sina budi kutafuta mashine nyingine? Sindano niliyo nayo ni ya LP, yaani sahani za plastiki za 33⅓.

FundiSindano
Ndugu MtunzaSauti, suala la kasi linaweza kungoja, kwa kuwa sindano ndiyo inayoamua kila kitu. Ncha ya sindano ya LP yenye umbo la duara ina nusu kipenyo cha takriban mikromita 18 hadi 25, ilhali mifereji ya sahani nyingi za shelaki ilikatwa kwa ajili ya ncha ya karibu mikromita 70, hivyo sindano yako itazama hadi chini ya mfereji, penye vumbi na unga uliosagwa na sindano za chuma za zamani, nayo itayumba humo badala ya kushikwa na kuta mbili zinazobeba muziki. Utasikia mkwaruzo mwingi na wimbo kidogo, na almasi ya ncha ya sindano yako italika bure, kwa maana shelaki ilichanganywa na unga wa mawe.

Habari njema ni kwamba katriji nyingi za sumaku (kifaa kinachoshika sindano mwishoni mwa mkono) huruhusu kuchomoa sindano peke yake. Mathalani, jamii ya VM95 ya Audio-Technica ina sindano ya 78 inayoingia kwenye katriji ileile. Ukishaibadilisha, rekebisha uzito wa mkono kama mtengenezaji anavyoagiza, kwa sababu sindano za 78 mara nyingi huhitaji uzito mkubwa kuliko ule wa LP.

MtunzaSauti
Nashukuru sana, sindano nitaibadilisha. Basi kuhusu kasi?

SikioMakini
Inawezekana, na kwa sahani iliyopinda kasi ndogo hata ni msaada, kwa kuwa mkono haurukiruki. Ukitoka 45 kwenda 78.26 (kasi sanifu ya sahani za 78), ongeza kasi mara 1.739. Tatizo liko kwenye kikuza sauti cha awali, ambacho husahihisha sauti kwa mkunjo wa RIAA, yaani kanuni ya kusawazisha sauti nene na nyembamba, uliokubalika katikati ya miaka ya 1950, wakati sahani nyingi za shelaki zilikwisha kutengenezwa. Mkunjo huo hupunguza sauti nyembamba kwa karibu desibeli 14 kwenye hezi 10,000, jambo ambalo sahani nyingi za zamani hazikulikusudia, ndiyo maana watu huzilaumu kuwa zina sauti iliyofifia. Isitoshe, ukirekodi kwa kasi ya 45 mkunjo huo unaangukia masafa yasiyo yake. Kwa hiyo rekodi bila kusahihisha chochote, ongeza kasi, kisha ndipo utumie mkunjo unaofaa ndani ya programu. Mimi hata hivyo ningependelea mashine yenye 78 na kirekebisha kasi, maana sahani zilizorekodiwa kabla ya 1925, kabla ya maikrofoni za umeme, mara nyingi haziko kwenye 78 kamili, na sikio ndilo linaloamua.

FundiSindano
Naongeza mawili. Unganisha chaneli mbili ziwe moja, kwa kuwa karibu sahani zote hizi zilikatwa kwa mtikisiko wa ubavuni (kushoto na kulia), na kelele za juu na chini zitafutana zenyewe. Isipokuwa sahani za Edison ziitwazo Diamond Disc na zile za mwanzo za Pathé, ambazo muziki wake umo katika mtikisiko wa wima, hivyo toa chaneli moja kutoka nyingine. La pili, usisafishe kwa spiriti kamwe, kwani alkoholi huyeyusha shelaki. Tumia maji yaliyotoneshwa yenye sabuni laini kidogo, suuza, ukaushe mara moja, na lebo isilowe.