Kila mlango Nairobi ni "mpeleke bweni". Tumechoka!

Wazazi wenzangu, leo sinyamazi. Mwanangu ana miaka minane, ana usonji. Maneno yake ni machache lakini unachomwambia anaelewa. Mwalimu mkuu: mpeleke bweni, yaani shule maalum ya kulala huko huko. Mwenyekiti wa wapangaji, baada ya mama mmoja kulalamika kwamba mtoto anapiga mayowe pale kwenye bembea: mpeleke bweni. Hata shangazi yangu, eti huko mashambani wamewazoea watoto kama hao.

Hebu fikirieni mnachotuambia. Mtoto asiyeweza kusema kichwa kinamuuma akalale kwa watu asiowajua muhula mzima. Akipigwa, nani atajua? Akinyimwa chakula kwa sababu alilia usiku, nani ataniambia? Nyinyi wenye watoto wanaosema kila kitu hamlali usingizi mkiwapeleka sekondari ya bweni, halafu mimi nimfungie wangu sanduku akiwa mdogo hivi na niseme asante! Sizitukani shule za bweni. Kuna walimu huko wanaojitoa kwelikweli, na watoto viziwi wengi wamepata lugha yao ya ishara huko. Ninachokataa ni kuambiwa hakuna njia nyingine, tena na watu wanaotaka tu kelele ziondoke dirishani pao.

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinasema mwenye ulemavu asome katika taasisi zilizojumuishwa katika jamii, kadiri inavyolingana na maslahi yake. Sheria ya watu wenye ulemavu tulikuwa nayo tangu 2003, na mwaka 2025 ikatiwa saini nyingine mpya. Mimi nilifika shuleni na barua ya kituo cha tathmini, kile kinachopima mahitaji ya mtoto mwenye ulemavu. Hawakuisoma. Wakasema nitafute mwalimu msaidizi wa kukaa naye darasani, mshahara nilipe mimi. Elimu ya bure hiyo?

Na msiniambie haiwezekani. City Primary pale Ngara ni shule ya umma ya kawaida na ina kitengo cha watoto wenye usonji. Kwa nini mtoto wa Kayole au Dandora apande matatu mbili, na muziki ule wa kutikisa viti, kufuata kitu ambacho kingekuwa kwenye shule iliyo nyuma ya nyumba yao? Jirani yangu ndiye hata hajaribu: mtoto wake ni wa kiti cha magurudumu, wanaishi ghorofa ya tatu bila lifti, na makanga wanamlipisha nafasi ya kiti hicho kama abiria mwingine.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba watoto wenyewe hawana shida naye. Kuna msichana wa ploti yetu aligundua kwamba akitaka zamu yake ya bembea, anamwonyesha vidole: vitatu, viwili, kimoja. Mwanangu anashuka bila kelele. Siku mamake alipowaona, alimwita ndani akamkanya asicheze naye tena.

Kama mwanao ana usonji na amekubaliwa shule ya kutwa ya umma hapa Nairobi bila kuambiwa ulipe mwalimu wako, andika hapa ni mtaa gani na ulipitia ofisi ipi. Na wale wa "mpeleke bweni", kwenye uzi huu msiniandikie.