Yule fundi mnayemsifiaga humu: gari imetoka sevisi na taa ya injini, halafu kanijibu ufedhuli mbele ya mama mkwe

Wakuu, salamu baadaye. Hapa ninavyoandika mkono unatetemeka, gari iko nje naiona dirishani, sina hamu nayo.

Jina simtaji na wala sina haja, mnamjua. Yule yule wa ovaroli ya bluu ambayo haijawahi kuchafuka tangu ishonwe, ukimpigia anakwambia "niko njiani boss" huku unasikia mtangazaji wa mpira nyuma yake anapiga kelele za goli. Kila mtu akiuliza humu fundi mzuri wa Toyota mnamtajia yeye, "jamaa anasikiliza injini kwa sikio tu anajua tatizo". Haya nimeenda sasa.

Gari ni IST, injini 1NZ, haikuwa na tatizo LOLOTE. Silensa (mngurumo gari ikiwa imesimama) imetulia mpaka foleni ya Ubungo unajiuliza hii imezima au inaunguruma. Nikasema ngoja niwe mtu mzima nibadilishe oili kabla haijadai yenyewe. Oili, filta ya oili, filta ya hewa, plagi zisafishwe, basi, kazi ya asubuhi moja. Nimeiacha asubuhi, jioni narudi nakuta boneti bado wazi na kijana kakaa siti ya dereva, yangu, anakula chipsi mayai, kachumbari iko kwenye gia. Sawa. Nimelipa. Mpaka hela ya vitambaa vya kufutia nimelipa.

Nawasha, taa ya injini hiyo. Njano. Haizimi.

Sasa kilichoniua ni kwamba nilikuwa na mama mkwe. Yuko kwetu wiki hii kaja kwa ajili ya kitchen party ya mdogo wake mke wangu, tumekuja naye kwa bajaji kuchukua gari ili nimfikishe Tegeta, kavaa kitenge kipya na kilemba kama mnara wa simu, kakaa mbele. Nikamwita fundi kwa adabu zangu zote, fundi samahani, hii taa haikuwepo asubuhi. Akaja anapangusa mikono ambayo haina hata tone la oili. Akainama dirishani UPANDE WA MAMA MKWE, sio upande wangu mimi niliyelipa, akachungulia dashibodi, akacheka, akasema:

"Mzee, dereva anaangalia barabara. Dashibodi tuachie mafundi."

Jamani.

Dereva anaangalia barabara. Naambiwa mimi, mwenye kadi ya gari. Na mama mkwe akacheka, wala sio kile kicheko cha kufunika mdomo, kacheka mpaka kilemba kikalegea, akamwambia "mwanangu umesema kweli, hawa vijana wa siku hizi waoga sana". Mwanangu! Mimi mwaka wa saba huu ananiita "nanihii".

Tukaondoka. Gari nzito, nakanyaga mafuta yenyewe inafikiria kwanza kama ikubali. Kufika Mwenge tumeshapitwa na bajaji, tumepitwa na bodaboda yenye magunia mawili ya mkaa na kuku. Kila nikiitupia jicho ile taa namsikia pembeni, "baba, angalia barabara". Nikampigia fundi, ananiambia ni kawaida, injini inazoea filta mpya ikizoea itazima yenyewe. Inazoea! Kesho yake nimerudi, akachomoa terminali ya betri, akahesabu kidogo, akarudisha, taa imezima, "umeona?" Sijafika hata njia panda ya kwanza imewaka tena, na sasa hivi redio imesahau stesheni zote na saa ya gari inasema saa saba mchana wakati ni usiku.

Ila wakuu hilo la redio nasamehe. Lile la kuinama upande wa mama mkwe ndo siwezi. Kamhadithia nyumba nzima. Jana usiku niko nakula ugali wangu kimya, mtoto wa darasa la pili ananiambia "baba, angalia barabara" na watu wote mezani wameanguka.

Nimfanyeje huyu mtu? Na taa bado inawaka.

Ngoja_Waje: Ngoja waje wataalamu. Mimi nimekaa upande wa mama mkwe.

Kipanya Mweupe: Chai hii. Fundi wa wapi ana ovaroli safi.

Mama Wawili: Sio chai namjua hadi kijana wa chipsi namjua. Mimi alinibadilishia bushi, natoka getini nasikia kelele kwenye tairi, nikarudi, kaniambia dada ongeza sauti ya redio 😂😂 na nikaongeza

mtoa_spana: Achaneni na mama mkwe kidogo. Mkuu, taa ikiwaka mara tu baada ya sevisi usikimbilie kununua sensa, anza na alipogusa fundi. Fungua boneti angalia boksi la filta ya hewa, pale kwenye mdomo wake kuna sensa ya hewa ina soketi ya waya tano. Wengi wakibadilisha filta wanaichomoa wanasahau kuirudisha, au wanairudisha nusu haijalia klik. Angalia pia lile bomba nene la kwenda kwenye throto (mlango wa hewa ya injini), klempu yake ikiwa imelegea hewa inaingia bila kupimwa. Soketi ikiwa nje, injini inapiga mafuta kwa kukisia, ndo huo uzito. Ukipima kwa mashine utakuta namba ya kosa P0102, ya sensa ya hewa, na P0113 inaongozana nayo kwa sababu sensa ya joto la hewa imo humo humo. Klempu ikiwa ndo tatizo itakuja P0171, yaani hewa nyingi mafuta kidogo. Na ile ya kuchomoa betri inafuta kumbukumbu tu, ugonjwa uko pale pale.

Kipanya Mweupe: Huyu nae kaandika kitabu, mtu anataka kulipiza kisasi we unampa namba

Ngoja_Waje: Ikiwa inawaka na kuzima je mkuu? Yangu inakonyeza.

mtoa_spana: Ikikonyeza injini inamisi, yaani mafuta hayaungui sawasawa, koili au plagi, P0300 na ndugu zake. Hiyo usiiendeshe kwa fujo, mafuta yasiyoungua yanaenda kuunguza katalisti, kile kisafisha moshi huko kwenye egzosi. Na ile nyekundu yenye alama ya birika la oili hiyo ni presha ya oili, unazima injini hapo hapo ulipo, hata kama uko katikati ya daraja la Kijazi, hata kama umembeba mama mkwe wa mtu.

Mwenye uzi: @mtoa_spana Mungu akuweke. Nimetoka na tochi sasa hivi, soketi inaning'inia hapo pembeni ya boksi, HAIJAGUSWA. Nimechomeka, gari imekuwa nyepesi pale pale, taa tu ndo bado. Yaani mtu kasahau soketi yake, halafu anainama upande wa mama mkwe ananiambia mimi niangalie barabara. UPANDE WA MAMA MKWE.

mtoa_spana: Taa iache, ukiendesha safari kama tatu bila kosa inajizima.

boksa_nne: IST taa moja tu mnaanzisha uzi? Njooni kwetu Subaru. Ikiwaka ya injini, ya VDC (ya kuzuia gari isiteleze) inawaka, ya kruz inakonyeza, yaani ikiumwa kidole inaita ukoo mzima msibani. Mimi naendesha usiku bila kuwasha taa za ndani, dashibodi inanitosha.

Mama Wawili: @boksa_nne na mafuta je, inaita ukoo?

boksa_nne: Hayo usiniulize dada niko kazini

Sinza Kwa Wajanja: Mwenye uzi povu lote hili kwa kauli moja? Fundi kakupa ushauri wa usalama barabarani bure.

Mwenye uzi: Wewe hukuwepo. Hukuona alivyoinama.

Wa_Kirinyaga_Road: Huku Nairobi hiyo ni kawaida bana. Fundi wangu alibadilisha breki pedi, stima ya ABS (ya kuzuia tairi zisijifunge ukipiga breki) ikawaka, kumbe alivuta waya ya sensa ya gurudumu ikakatika. Nikamwambia, akasema "ABS ni ya wazungu, hapa kwetu tunapiga breki na imani." Na nikalipa, kwa M-Pesa, na ya kutolea nikaongeza.

Kipanya Mweupe: Breki na imani 😂😂😂 huyu apewe uchungaji

Bi Shushu: Nyie mnalalamika mafundi magari, hamjakutana na fundi cherehani. Nimempelekea kitambaa cha harusi ya dada yangu mwezi mzima kabla, naenda siku moja kabla ya harusi nakuta HAJAKIKATA, anakuuliza "kwani ulisema mshono gani vile?"

Mama Wawili: Wa kwangu alishona gauni la mwanangu, kitambaa changu kilichobaki akashonea jingine, akamwuzia jirani. Jirani! Tunakutana nae kanisani sare.

Sinza Kwa Wajanja: Fundi cherehani akikwambia "njoo Alhamisi" usiulize ya mwaka gani

Mwenye uzi: Jamani turudi kwenye uzi. Mnaonaje nikirudi pale na mama mkwe ndani ya gari, nimfungulie fundi boneti nimwoneshe ile soketi mbele ya mama, aone?

Bi Shushu: Na ukimkemea anakwambia mwili wako umebadilika dada. MWILI WANGU. Nimevaa shuka harusini.

Wa_Kirinyaga_Road: Wetu alishona suruali ya mzee bila mifuko akasema ndio fasheni mpya. Mzee alishika pesa mkononi sherehe nzima.

boksa_nne: Hamjui fundi aluminiamu nyie. Madirisha yangu niliyalipia kabla mvua za masika, masika yamepita, vuli imekuja, bado natumia turubai.

Mama Wawili: @boksa_nne ndo mana unaendesha usiku huna pa kulala

Ngoja_Waje: Yangu bado inakonyeza jamani

Sinza Kwa Wajanja: Bi Shushu picha ya shuka tafadhali, tupime kama mwili umebadilika kweli

Bi Shushu: Mods mpo?

Duka la Vitenge: Vitenge vipya vimeingia, doti na nusu doti, mafundi wetu tunawasimamia wenyewe, nguo inatoka kwa wakati, njoo PM.

Bi Shushu: @Duka la Vitenge bei gani doti?