Naomba ushauri: uvimbe kwenye kizazi na kutafuta mtoto

Habari zenu wapendwa. Nina miaka 33, niko Morogoro. Huu mwaka wa nne natafuta mtoto, na mimba mbili zimetoka kabla ya miezi mitatu. Hedhi inakaa siku 9, inatoka na mabonge. Kazini natandika kanga kwenye kiti kwa kuogopa kuchafua. Utrasaundi imeonyesha faibroidi mbili: ya sentimita 6 iko upande wa nje wa kizazi, ya sentimita 2 imejitokeza ndani, pale mimba inapojishikiza. Daktari anasema hiyo ndogo ndiyo inayosumbua, itolewe. Mama mkwe ameniletea dawa ya mizizi, sijainywa. Mliotolewa uvimbe kizazi kikabaki, mlisubiri muda gani kabla ya kubeba mimba? Mlijifungua kwa upasuaji?