Mjadala: Kipande cha ufukweni kiliiharibu The Shawshank Redemption?

Mtoa mada: Wakuu, filamu hii ya 1994 ilipaswa kuishia kwenye basi. Red, mfungwa aliyeachiwa kwa parole (kuachiwa kwa masharti), kashavunja masharti hayo ili amfuate Andy, rafiki yake aliyetoroka gerezani; tiketi yake ya basi ni ya Fort Hancock, Texas, mpaka wa Mexico bado hajauvuka, na neno lake la mwisho ni "natumaini". Hadithi ya Stephen King ya 1982 inaishia hapo, na skripti ya mwongozaji, Frank Darabont, awali iliishia hapohapo. Castle Rock, kampuni iliyoitengeneza, ndiyo iliyomshawishi aongeze kipande cha ufukweni, Red na Andy wanapokutana tena. Sasa mtu anatumaini nini tena wakati keshaonyeshwa kila kitu?

Mchangiaji wa kwanza: Kitabu kina sauti ya Red tu, kinaweza kuishia kwenye neno. Filamu imetufungia zaidi ya saa mbili ndani ya kuta za gereza la zamani la Mansfield, Ohio, kila kitu kijivu. Buluu ile ya bahari imebaniwa makusudi hadi mwisho. Halafu kuna mzee Brooks: anaachiwa baada ya miaka 50, anapangiwa chumba na kazi ya kufungasha bidhaa dukani, anajinyonga. Red anapewa chumba kilekile na kazi ileile, na kwenye boriti anachonga jina lake kando ya la Brooks. Safari ya basi inatuambia tu kwamba hakujinyonga. Kama mtu aliyeomba ruhusa ya kwenda haja miaka 40 anaweza kuishi nje, bado hatujui.

Mtoa mada: Tunajua, mkuu. Amenunua tiketi bila kumwomba mtu ruhusa. Na furaha tulishapewa pale Andy anapotoka kwenye bomba la maji machafu na kuinua mikono mvuani. Sherehe ya pili ya nini?

Mchangiaji wa pili: Jaribuni kusimamisha filamu kwenye "natumaini". Muziki wa Thomas Newman unavuka kutoka kwenye basi hadi ufukweni, kwa hiyo ukikata picha tu unabaki unaning'inia. Ingebidi atunge upya kuanzia safari ya basi. Halafu tazameni kipande cha ufukweni kilivyopigwa: Andy anakwangua boti kuukuu, Red anakuja mchangani, hatusikii wakisemezana hata neno, na kumbatio tunaliona kwa mbali kabisa huku kamera ikizidi kurudi nyuma. Mwongozaji alikubali kuongeza, ila akajizuia. (Bahari yenyewe si Pasifiki ya Mexico, kama hadithi inavyosema. Ni Karibi, kisiwa cha St. Croix.)

Mtoa mada: Kama hata yeye aliona tusiwasikie, tuwaone wa nini? Ningebakiza bahari, nikaondoa kumbatio.

Mchangiaji wa kwanza: Ukiweka bahari tupu, nusu ya watazamaji watatoka wakibishana kama Andy alikamatwa au alikufa njiani. Utakuwa umeleta swali ambalo hata hadithi ya King haikuliuliza.