Kompyuta za pamoja za utafiti Zanzibar: utepe mnakata, hesabu hamtoi

Assalaam alaykum wadau.

Uzi huu nauelekeza kwa wanaosimamia vyumba vya seva kwenye vyuo na taasisi zetu za utafiti, Unguja na Pemba, na kwa wakubwa wanaosaini ununuzi. Sitaji taasisi. Anayehusika anajijua.

Mradi ukija na fedha, kitu cha mwanzo ni klasta, yaani seva nyingi zilizounganishwa zifanye kazi kama mashine moja; kila seva huitwa nodi. Utepe unakatwa, picha zinapigwa, inatolewa hotuba kwamba sasa mikondo ya maji ya Mlango wa Pemba, vinasaba vya vimelea vya malaria na utabiri wa masika vyote vitakokotolewa hapa hapa nyumbani. Ipite miaka mitatu, uliza: mashine hii imefanya kazi saa ngapi, imewahudumia watafiti wangapi, imekula shilingi ngapi? Jibu ni moja tu: "Inatumika sana." Jamani, "sana" si hesabu! Hii ni mali ya umma na inatakiwa iwe na daftari.

Na daftari lenyewe halinunuliwi. Klasta nyingi zinapangiwa kazi na programu ya Slurm, na Slurm inaweza kuandika kila kazi: nani kaileta, imekaa foleni muda gani, imepewa kori (viini vya kukokotoa ndani ya prosesa) ngapi, imemaliza au imekufa njiani. Sharti ni slurmdbd, sehemu yake ya kutunza kumbukumbu, iwashwe tangu siku ya kwanza, pamoja na hifadhidata yake ya MariaDB. Mkandarasi akiondoka na mpangilio wa AccountingStorageType umeandikwa none, hakuna kinachohifadhiwa, na miaka iliyopotea hairudishwi na fundi yeyote. Kuiwasha ni kazi ya nusu siku. Kuiacha ni uzembe, sina neno jengine.

Daftari likiwepo, amri ni hii:

sreport -t percent cluster utilization start=2025-01-01 end=2026-01-01

Itakupa asilimia ya muda uliogaiwa kazi, muda wa kukaa bure na muda wa ubovu. Sasa kuweni macho, maana hapa ndipo ripoti zinapopikwa, kwa makusudi au kwa kutojua. Nodi 10 zimenunuliwa, 4 zimekufa, msimamizi anazifuta kwenye slurm.conf, faili la mipangilio, ili zisimsumbue. Kuanzia hapo Slurm inahesabu nodi 6 tu. Hizo 6 zikiwa na kazi kwa asilimia 80, ripoti inasema 80, wakati kwa mali iliyonunuliwa ni asilimia 48. Gawanyeni kwa kori zilizolipiwa, msigawanye kwa zilizosalia.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi. Kori iliyogaiwa si lazima iwe imefanya kazi. Mwanafunzi anaandika --cpus-per-task=64, yaani anaomba kori 64, kwa skripti ya R (lugha ya takwimu) ambayo haikuandikwa kugawa kazi kwa kori nyingi. Kori moja inahangaika, 63 zimekaa, na kwenye ripoti nodi nzima "inatumika". Andika amri ya seff na namba ya kazi yake, utaona ufanisi wa CPU ni kama asilimia 1.6. Kwa klasta nzima toeni ripoti ya amri ya sacct yenye safu za TotalCPU (muda kori zilipofanya kazi kweli) na CPUTime (muda zilipogaiwa), mgawanye ya kwanza kwa ya pili. Ikiwa chini ya nusu, mashine zinatosha, watumiaji ndio hawajafundishwa. Na bado tunaandika maombi ya kununua nodi nyengine!

Foleni nayo ina ugonjwa wake. Mtu ana kazi ya saa 3, anaomba siku 7 "kwa usalama". Slurm ikiona siku 7 haiwezi kuipenyeza kwenye mwanya mdogo ulio wazi, basi kazi inasubiri na kori zinasubiri. Wekeni muda wa kawaida uwe mfupi, mwenye haja ya zaidi aombe. Na mkipima foleni, chukueni Start (wakati kazi ilipoanza) mtoe Submit (wakati ilipoletwa), kisha pangeni kazi zote na msome ile ya katikati; mkichukua wastani, kazi moja iliyokwama wiki mbili itawapotezea picha yote.

Tuje kwenye fedha, hapa ndipo panaponiuma hasa. Chukueni mfano huu, namba ni za kufundishia na kila taasisi iweke zake. Klasta ya nodi 10, kila nodi kori 64, bei shilingi milioni 400, umri wa kazi miaka 5. Kwa mwaka hiyo ni milioni 80 za uchakavu. Nodi ikifanya kazi ile wati 600, zote 10 ni kilowati 6; diski na swichi kilowati 1; viyoyozi na upotevu wa UPS (betri za kushikilia umeme ukikatika) kilowati 5. Jumla kilowati 12 mara saa 8,760 ni uniti 105,120. Tuseme uniti ni shilingi 250, umeme ni milioni 26.28. Wasimamizi wawili milioni 48. Vipuri, asilimia 5 ya bei, milioni 20. Betri za UPS zikitengewa kidogo kidogo milioni 6, viyoyozi milioni 4. Ukiondoa uchakavu, kuiendesha tu ni milioni 104.28 kwa mwaka. Kwa miaka 5 ni milioni 521, zaidi ya bei ya mashine yenyewe!

Mfadhili katoa 400. Hizo 521 zimeandikwa wapi? Hazikuandikwa popote. Ndiyo maana betri ikifa hainunuliwi, kiyoyozi kikifa inaletwa feni ya mezani, na msimamizi mkataba wake unaisha siku mradi unapofungwa.

Haya, endeleeni. Jumla kwa mwaka ni milioni 184.28, na saa-kori (kori moja kwa saa moja) zilizopo ni 640 mara 8,760, yaani 5,606,400. Klasta ikitumika asilimia 70, saa-kori moja imegharimu shilingi 47. Ikitumika asilimia 18, ni shilingi 183. Mashine ile ile, watu wale wale. Umeme nimeuacha sawa pande zote mbili. Seva iliyokaa bure inakula pungufu, lakini inakula, na vyengine vyote havipungui hata shilingi.

Kwetu sisi jambo hili si geni. Nyumba ya wakfu ina msimamizi, na kodi yake hutolewa kwanza ya kuezeka na kutia chokaa, ndipo wanaostahiki wakagaiwa. Hakuna aliyesema wakfu ujitunze wenyewe. Vipi mashine ya mamilioni tunaiwekea kufuli tu?

Chumba. Kiwango kinachopendekezwa kwa hewa inayoingia kwenye seva ni nyuzi 18 hadi 27. Wakati wa kaskazi, na bahari iko pale, hicho si kitu cha bure. Viyoyozi vya ukutani vya ofisini vimeundwa kupoza watu mchana, si seva usiku na mchana mwaka mzima. Vinatakiwa viwe kimoja zaidi ya mahitaji, vipokezane kila wiki. Chumvi inakula mapezi ya alumini ya kile kipande cha nje, hewa haipiti, kompresa inaungua. Dawa yake ni kukiosha kwa maji matamu kila mwezi, kazi ya mpira na ndoo. Bomba la kutolea maji likiziba, maji yanashuka ukutani, na nimeona michoro ya vyumba ambapo UPS imepangwa chini ya kiyoyozi hasa. Nani aliidhinisha?

Umeme ukikatika ndipo kasoro zote zinapokutana. UPS inazibeba seva, lakini kiyoyozi hakiko kwenye UPS. Kilowati 7 za joto zinabaki ndani ya chumba kilichofungwa, na joto linapanda kwa dakika, halingoji saa. Umeme ukirudi, kiyoyozi kisichokuwa na uwezo wa kujiwasha kinabaki kimezima mpaka asubuhi, seva zinajipika peke yao. Betri za risasi nazo umri wake umehesabiwa kwa nyuzi 25. Ukizidisha nyuzi 10, umri unakuwa nusu, ya miaka 4 inakufa kwa 2. Programu ya NUT ni ya bure, inasoma UPS na kutoa amri: dakika 5 za betri zikipita, zima nodi za kukokotoa, uache hifadhi ya data mpaka mwisho. Kihisi cha joto kifanye vivyo hivyo kikifika nyuzi 32. Tunajua historia yetu. Kebo ya baharini ya mwaka 1980 ilipoharibika, Unguja ilikaa bila umeme karibu mwezi mzima 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Ya megawati 100 ilikuja 2013, alhamdulillah, lakini chumba kinajengwa kwa siku mbaya.

Diski nitapita haraka: RAID 6, mpango wa kuunganisha diski nyingi, inavumilia diski mbili kufa, ya tatu inaondoka na data yote. Kama kabatini hamna diski ya akiba, mnacheza na tasnifu za watu. Na RAID si nakala ya akiba, hata siku moja.

Msaada wa mashine zilizotumika nao tuupime. Ranger, kompyuta kuu ya Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, ilianza 2008 ikiwa na kori 62,976, ikazimwa 2013, na sehemu ya makabati yake yakapelekwa Afrika Kusini yagaiwe vyuo vya Afrika. Miaka mitano tu! Waliizima kwa sababu mashine mpya hufanya kazi kubwa zaidi kwa umeme mdogo. Anayepewa mashine ya hivyo anapokea bili, basi aipige hesabu kabla ya kuipokea. Na programu zake pia: mfumo endeshi wa CentOS 7 uliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 30 Juni 2024, na klasta inayoendelea nao huku iko wazi kwenye intaneti ni mlango bila komeo. Hamieni Rocky Linux au AlmaLinux.

NYONGEZA, kwa waliouliza "si tukodi tu mawingu?", yaani seva za kampuni kupitia intaneti

Kwa kazi ya wiki mbili kwa mwaka, ndiyo, kodini, ni rahisi kuliko klasta ya asilimia 18. Lakini someni bei ya kutoa data, si ya kori pekee. Kwenye orodha ya Amazon kwa vituo vya Marekani, kuitoa data kwenda intaneti huanzia kama senti 9 za dola kwa gigabaiti. Terabaiti 10 ni kiasi cha dola 900, kwa fedha za kigeni, kwa kadi ambayo wahasibu wetu wengi hawana. Mfano wa bahari unaoendeshwa miezi yote 12 na kutoa matokeo mazito, klasta ya nyumbani iliyojaa kazi inashinda.

Kwa aliyeuliza asilimia ngapi ndiyo "thamani": asilimia peke yake haitoshi. Kila mwaka akaunti zinapohuishwa, mtumiaji ajaze tasnifu, makala na ruzuku zilizotokana na mashine, na makala iishukuru klasta kwa jina ili itafutike. Hana cha kujaza kwa miaka miwili, foleni yake ishuke.

Na kwa ndugu yangu wa Wete aliyesema Pemba hawana hata akaunti: malalamiko yako ni ya haki, na mashine zinaombewa fedha kwa jina la visiwa vyote. Terabaiti moja kwa laini ya megabiti 20 kwa sekunde, ikiwa haikatiki, inachukua siku 4 na saa 15. Kwa mzigo huo diski ya mkononi kwenye boti inafika kwanza. Piga sha256sum kabla ya kuondoka na baada ya kufika, ulinganishe kama data haikuharibika, na kwa mizigo midogo tumia amri ya kunakili ya rsync --partial ili ikikatika isianze upya. Matokeo yachakatwe kule kule Unguja, zishuke picha na majedwali tu. Kuhusu fungu la Pemba, mtake msimamizi akuoneshe kwa amri ya sshare akaunti ya Pemba na fairshare yake, yaani fungu lake la zamu. Ikiwa haimo kwenye orodha, hampewi chochote.